Wafu Wawili kwenye Breka Moja

Bodi ya umeme ya nyumba ya Fabiani Kihwele ilikuwa na nafasi sita, na zote sita zilikuwa zimejaa. Mashine ya pafu ya binti yake ilitaka nafasi ya saba. Betri ya mashine isingefika jioni, na betri ikifa, binti naye angekufa.

Zahanati ilimrudisha Atukuzwe asubuhi hiyo kwa sababu kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine anayekisubiri. Kifua chake kilikuwa kimeungua kwa moshi wa kiwanda cha betri alikofanya kazi. Wauguzi walimlaza kwenye kochi la sebuleni, chini ya bodi, wakaiweka mashine juu ya stuli, wakamwambia Fabiani: mashine ipate waya wake peke yake, isishirikiane na kitu. Kisha wakaondoka.

Fabiani alimwita Tawete, fundi Mngoni wa mtaa wa juu. Hakumwita kwa sababu ya ufundi tu. Hapo Iringa mtu akifa, kabla mwili haujapoa, sauti yake na akili yake huhamishiwa kwenye kijumba cha chuma, na kijumba hufungwa juu ya bodi ya nyumba. Wenye nyumba hawaruhusiwi kukigusa. Anayekigusa ni mtani peke yake, kama zamani alivyochimba kaburi huku akiwatukana wafiwa. Kwa Wahehe, mtani ni Mngoni.

Tawete aliingia bila kupiga hodi, akatazama vijumba viwili vilivyokuwa juu ya bodi, akacheka.

"Wahehe bwana! Hata mkifa mnabanana. Ndiyo maana babu zangu waliwakimbiza mpaka mkapanda majabali."

"Babu zako walikimbia wakaacha ngao," Fabiani alisema. "Fungua bodi, mtani. Sina muda."

Atukuzwe alicheka kwenye kochi, kicheko kikageuka kikohozi. Tawete akaacha utani. Alifungua kifuniko na kushika kila waya kwa kipimo chake.

"Hii ya kwanza ni nini?"

"Taa na jiko. Ziko pamoja tayari."

"Huwezi kuweka pafu hapo. Jiko likiwaka, mashine inakosa pumzi. Hii?"

"Pampu ya kisima. Mtaa mzima unakunywa humo. Nikiizima watakuja na mashoka."

"Hii ni friji."

"Dawa zake zimo humo."

"Na hii ni ua." Tawete alichungulia dirishani. Waya wa ua ulizunguka nyumba kwa nyuzi nne, na mara kwa mara ulitoa cheche ndogo. Wiki iliyopita wachuna waya walikuwa wamemkata koo jirani kwa ajili ya shaba ya paa lake. "Ua hauzimwi. Basi tunabaki na hivi vijumba. Zima mmoja, mtani. Hamna njia nyepesi zaidi ya hiyo. Mtu ameshakufa mara moja, ya pili haiumi."

Fabiani aliviangalia vijumba. Kijumba kimoja kilikuwa cha baba yake, Mzee Mgongolwa. Kingine kilikuwa cha mke wake Kanisia, mama yake Atukuzwe, aliyekufa mwaka juzi. Mbele ya Shirika la Ardhi, mfu anayewaka ni mtu hai na mali yake ni yake. Shamba la bondeni lilikuwa kwa jina la Mzee. Mzee akizimika, shamba linarudi Shirika, na mdogo wake Fabiani, Dastani, aliyekuwa akililima na kulisha watoto wanne kwa hilo shamba, angebaki na jembe mkononi. Kanisia hakuwa na shamba. Kanisia alikuwa na ile saa moja ya jioni tu, alipoongea na mumewe kuhusu vitu vidogo: chumvi, paa, nani kaoa.

"Hamna njia nyingine?" aliuliza Fabiani.

Tawete alikuna shingo. "Ipo breka pacha. Nyembamba, mbili zinakaa nafasi ya moja. Hawa wafu wawili wanakula umeme kidogo sana, mmoja anaamka mchana, mwingine anaamka jioni. Nawaweka pamoja hapa, nafasi moja inabaki wazi, naiweka mashine. Lakini nisikilize. Breka pacha inaongeza nafasi, haiongezi umeme. Waya unaoingia nyumbani kwako ni uleule. Wakiamka wote wawili kwa fujo, wataminyana."

"Waweke."

"Ni akina nani hawa? Hakuna majina hapa, kuna namba tu."

"Wazee wa nyumba."

"Wanapatana?"

"Hawajawahi kugombana," alisema Fabiani.

Hilo lilikuwa kweli. Mzee Mgongolwa na Kanisia hawakuwahi kugombana kwa sababu hawakuwahi kuzungumza. Mkwe wa kike katika nyumba ile hakumtaja baba mkwe kwa jina, hakula naye, hakukaa kwenye mkeka aliokalia. Mzee akipita, Kanisia alitoka njiani, hata akiwa na ndoo ya maji kichwani. Siku Mzee alipougua na kulala sebuleni, Kanisia alilala jikoni mpaka mzee alipohamishwa. Tawete angelijua hilo angefunga begi lake na kuondoka. Fabiani alilijua, akanyamaza. Alijiambia ni afadhali aibu kuliko kuchagua wa kuua.

*

Meni, swichi kuu ya nyumba, ilikuwa nje, kwenye ukuta wa mbele, hatua chache kutoka kwenye geti. Fabiani aliishusha. Friji ikanyamaza. Ua ukaacha kutoa cheche. Vijumba vikabaki kwenye betri zao za ndani, ambazo hudumu muda wa kupika ugali, na wafu wakalala usingizi mzito.

Tawete alifanya kazi haraka. Alichomoa breka ya Mzee na ya Kanisia, akapachika breka pacha kwenye nafasi moja, na katika nafasi iliyobaki akaanza na mashine ya pafu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa na haraka. Alipomaliza ya mashine akawarudia wafu.

Hapo akatukana.

"Nini?" aliuliza Fabiani.

"Nyutro. Kila waya wa moto una mwenzake wa kurudi, na hizo za kurudi nazo zinataka skrubu zao. Skrubu zimejaa. Nimempa binti ya mwisho." Alishika nyaya mbili za wafu, akatafuta pa kuziweka. "Nazibana kwa muda kwenye skrubu ya ua. Nikimaliza nakata kipande cha shaba, nawatengenezea ya kwao. Zisibaki hapo. Zikibaki hapo, cha huku kitavuka kwenda kule."

Mashine ya pafu ikaanza kupiga filimbi. Taa yake ikawa nyekundu.

"Baba," Atukuzwe alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Tulia. Mtani anamaliza."

Nje, geti lilipigwa teke.

Dastani alikuwa amekimbia kutoka bondeni. Mkononi alivaa bangili ya shamba, ile ambayo Shirika humpa kila mlimaji, na bangili hulia pale mwenye shamba anapoondoka kwenye umeme. Ilikuwa inalia bado. Mkono mwingine ulishika panga.

"Kaka! Umemzima baba?"

"Hajazimika. Yuko kwenye betri. Rudi nyumbani, Dastani."

"Bangili inalia! Betri yake ikiisha shamba limeenda! Washa!"

"Kuna mtu mkono wake uko ndani ya bodi."

"Mngoni? Umemwita Mngoni amchimbie baba kaburi mara ya pili?"

"Mtoto wa maiti huyo, mwambie asiniguse," Tawete alipaza sauti kutoka ndani, bado anajaribu utani. "Mtani hapigwi kazini!"

Fabiani alisimama kati ya mdogo wake na meni. Alikuwa ameokota kipande cha bomba la chuma. Dastani alimwangalia usoni, akaangalia bomba.

"Utanipiga kwa hicho? Mimi?"

"Nitakupiga."

"Una mtoto mmoja. Mimi nina wanne. Watakula nini?"

"Sijui."

Dastani aliinua panga, ubapa wake ukamshukia Fabiani begani. Fabiani akamchapa bomba kwenye mbavu, zikalia kama kuni kavu. Wakakumbatiana, wakaanguka chini. Dastani alimng'ata kaka yake sikio, akalivuta mpaka nyama ikatoka, akaitema. Fabiani akampiga kichwa usoni, mara ya kwanza pua, mara ya pili meno. Mdogo akamkaba koo. Walikuwa wamekua kwenye chumba kimoja, kila mmoja alijua mwenzake anaumia wapi, na kila mmoja alipiga hapohapo.

Ndani, filimbi ya mashine ikawa mlio mmoja mrefu, kisha ikakatika. Atukuzwe alifungua mdomo, hewa haikuingia.

Fabiani alisikia ule ukimya, akageuza kichwa. Dastani alitumia nafasi hiyo. Alimsukuma kaka yake pembeni, akaufikia ukuta, akainua meni kwa mikono miwili.

Umeme ukaingia nyumba nzima kwa mkupuo.

Mashine ya pafu ikavuta pumzi. Atukuzwe naye akavuta.

Na Tawete akapiga yowe ambalo Fabiani hakuwahi kulisikia kwa mwanadamu. Bisibisi yake ilikuwa kwenye nyaya za wafu. Mwako mweupe ulimla mkono, ukamrusha hadi ukutani. Alipojikusanya, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kama makaa, na alama ya mpini ilikuwa imechorwa kiganjani mwake. Nyutro tatu zilibaki chini ya skrubu moja.

*

Bangili ya Dastani ilinyamaza. Alianza kucheka kwa mdomo uliojaa damu.

"Umeona? Baba yupo. Baba yupo, kaka."

Fabiani alimfuata na bomba. Alimpiga kwenye paja, kisha mgongoni. Dastani alirudi nyuma kinyumenyume hadi kwenye ua, akaukamata waya kwa mkono mmoja ili asianguke. Waya ulimpiga kofi lake la kawaida, la kumfukuza mbwa. Akatukana, akataka kuuachia.

Kipaza sauti cha getini, ambacho wafu wa nyumba walisemea nje, kikakohoa. Mzee Mgongolwa alikuwa ameamka.

"Nani huyu?" Mzee aliuliza. "Nani amelala kwenye mkeka wangu?"

Kisha sauti ya mwanamke ikasikika, ya chini, ya mtu aliyejifunika uso.

"Nisamehe, baba mkwe. Sikuja mwenyewe."

Miaka yote waliyoishi nyumba moja, hilo lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia.

"Kanisia?" Mzee alisema, naye alikuwa hajawahi kulitamka jina lile. "Mke wa mwanangu? Hapa, ubavuni kwangu? Fabiani! Fabiani, umenifanya nini?"

"Baba, ni kwa muda tu…"

"Umenilaza na mkeo! Mtoto mchafu! Nitoe! Nitoe hapa!"

Tawete, akiwa amekaa chini na mkono wake umefungwa kwenye shati, alisikia yote. Alimtazama Fabiani kupitia dirisha.

"Mkwe?" alisema. "Umenifanya nifunge mkwe na mkwe? Mtu gani wewe?"

Mfu hana miguu, lakini ndani ya waya anaweza kusogea pale njia ilipo wazi. Mzee Mgongolwa hakutaka kukaa kwenye breka ile hata kwa kufumba na kufumbua. Alitafuta mlango kama mtu aliye kwenye nyumba inayoungua, akaukuta: ile skrubu yenye nyutro tatu. Alipita hapo kwa nguvu zake zote, kwa aibu yake yote na hasira yake yote, akatokea kwenye ua.

Nguvu ya kawaida ya ua ilikuwa ya kumfukuza mbwa. Mzee alikuja na umeme wa nyumba nzima.

Mkono wa Dastani ulijifunga kwenye waya. Miguu yake ikaanza kupiga chini. Alijaribu kusema kitu, taya likagoma. Shati lake likatoa moshi mabegani.

"Nitoe!" Mzee alikuwa akipiga kelele. Hakuona chochote. Hakujua ameshika nini. "Nitoe! Nitoe!"

"Baba, acha! Ni Dastani! Baba, ni Dastani!"

Fabiani aliangalia kila upande. Mti haukuwepo, kijiti hakikuwepo, mbao zilikwisha mjini siku nyingi. Alichokuwa nacho mkononi ni chuma. Akimshika mdogo wake, atanasa naye. Alitupa bomba, akakimbilia meni, akaishika.

Na hapo akasimama.

Kupitia dirisha aliona kifua cha Atukuzwe kikipanda na kushuka na mashine. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Akishusha meni, Dastani anaachiwa, na kifua kile kinasimama. Tawete alikuwa na mkono mmoja. Aishushe kisha aiwashe tena haraka? Breka zingekuwa zimeshakaa vipi, nani ajuaye. Labda zingeshika. Labda zisingeshika. Fabiani alikuwa na muda wa kufikiri yote hayo. Miguu ya Dastani ilikuwa bado inapiga chini, na macho yake yalikuwa wazi, yakiutazama mkono wa kaka yake juu ya meni.

Mkono haukushuka.

"Baba Atu," kipaza sauti kilisema. Ilikuwa sauti ya jioni, ile ya chumvi na paa. "Usiishushe hiyo."

"Mama Atu, Dastani anakufa!"

"Najua. Usiishushe. Mwanangu anapumua. Ngoja."

Kanisia, ambaye maisha yake yote alimpisha Mzee njiani, safari hii alimfuata. Alipita kwenye skrubu ileile, akauvuta umeme wa ua kuelekea kwake, wote, zaidi ya kijumba chake kilivyoweza kubeba. Kijumba kilianza kuimba. Rangi yake ikababuka. Tawete alijifunika uso kwa mkono mzima.

"Baba mkwe, nipishe," alisema Kanisia.

Kishindo kikatoka ndani, breka ya ua ikaruka chini, na ua ukafa. Mzee akasukumwa kurudi kwenye nusu yake ya breka pacha. Nusu ya pili haikuwa na mtu tena. Kijumba cha Kanisia kilikuwa kimepasuka katikati, kinavuja kitu cheusi ukutani.

Mashine ya pafu haikutikisika hata kidogo.

Dastani alianguka chali. Kiganja chake kilibaki kwenye waya.

*

Mke wa Dastani aliitwa Menrada. Alikuja mbio na kanga moja, watoto wakiwa nyuma. Hakulia alipomwona mumewe. Aligusa shingo yake, akaona bado ina joto, akainuka.

"Awekwe," alimwambia Fabiani. "Kabla hajapoa. Sasa hivi."

"Bodi imejaa, shemeji."

"Kuna nafasi pale." Alinyoosha kidole ndani, kwenye breka pacha, nusu iliyokuwa tupu. "Baba na mwana wanaweza kulala mkeka mmoja. Hakuna aibu hapo. Au unasemaje?"

Fabiani alimgeukia Tawete.

Tawete alikuwa na haki ya kukataa. Mtani aliyedanganywa anaweza kuondoka na hakuna wa kumlaumu. Alimtukana Fabiani kwanza, kwa muda mrefu, yeye na baba yake na kabila lake lote, na mara hii hakuwa anatania. Kisha akatoa kijumba kipya kwenye begi. Atukuzwe alimshikia tochi kutoka kwenye kochi, bomba la mashine likiwa puani. Tawete alikata kile kipande cha shaba alichokuwa ameahidi, akatengeneza skrubu mpya za wafu, mbali na za ua, kwa mkono wa kushoto, huku jasho likimdondoka. Menrada alimvalisha mumewe nyaya za kichwani yeye mwenyewe.

Kijumba kikapata taa ya kijani. Walisubiri.

Aliyesema kwanza ni Mzee, taratibu.

"Mwanangu, ni wewe? Nilikuwa nimeshika kitu. Sikujua nimeshika nini."

Dastani hakumjibu baba yake. Kijumba kilikoroma, kikatafuta sauti, kikaipata.

"Kaka," kilisema.

"Nipo, Dastani."

"Mkono wako ulikuwa kwenye meni."

Atukuzwe aliangalia chini. Menrada alimgeukia Fabiani, akasubiri asikie atasema nini. Watoto wanne walikuwa mlangoni.

"Ulikuwa kwenye meni," Dastani alirudia. "Niliuona. Mbona haukushuka?"

Fabiani aliuangalia mkono wake. Hakujibu siku ile, na Dastani aliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, kila umeme ulipokuwa imara.

Nafasi ilipatikana. Atukuzwe alipumua. Shamba halikuchukuliwa, lakini hakuna wa kulilima, maana anayelijua yuko ndani ya waya na baba aliyemuua. Fabiani alipoteza sikio moja. Tawete alikatwa vidole viwili na hakushika tena bisibisi kwa mkono wa kulia, wala hakumtania tena Mhehe yeyote. Mzee Mgongolwa aliacha kuzungumza. Dastani Kihwele alizikwa bila kiganja kimoja, kwa sababu walipokwenda kukitoa kwenye ua hawakukikuta. Mbwa walikuwa wametangulia. Na Kanisia hakubaki mahali popote: si kwenye kipaza sauti, si kwenye kijumba, si jioni.